Programu ya Mradi Yenye Ramani: Mkandarasi wa Mwanza Anunue Ipi?

Muuzaji wa programu za ujenzi akikaribishwa ofisini, kitu cha kwanza atakachofungua ni ramani. Picha ya setilaiti ya Mwanza hiyo, Jiwe la Bismarck linaonekana, barabara imepigwa mstari mwekundu, makalavati ni vidoti vya kijani na njano. Inavutia, na ndiyo inayouza. Ila pale ofisini kuna intaneti, kuna feni, na vidoti vyote kaviweka muuzaji mwenyewe.

Muulize hivi: fomeni akiwa amesimama kwenye kalavati la 12+400, yaani kilomita 12 na mita 400 tangu mwanzo wa barabara, simu haisomi mtandao, akigusa kile kidoti ataona nini? Kama ni jina na rangi tu, umeuziwa picha ya ukutani. Anachopaswa kuona ni siku zege lilipomwagwa, majibu ya kyubu za zege zilizopimwa nguvu siku ya 7 na ya 28, picha zilizopigwa kabla ya kufukia, na kiasi kilichokwisha kuingia kwenye hati ya malipo. Mhandisi mshauri akigoma kusaini, ndicho kitakachokuokoa.

Mwongozo huu ni wa mkandarasi mdogo au wa kati mwenye kazi iliyonyooka kama kamba: barabara ya TARURA, bomba la maji la MWAUWASA (mamlaka ya maji Mwanza) au RUWASA (maji vijijini), mtaro wa maji ya mvua kutoka milima ya Mabatini au Igogo. Kazi iliyokaa mahali pamoja haihitaji ramani kiasi hicho. Daraja la JPM la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 hivi na lilihitaji michoro iliyopangwa vizuri kuliko lilivyohitaji ramani. Reli ya SGR ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ni habari nyingine. Pale bila ramani hujui hata kikosi kipi kiko wapi.

Kabla ya bei, uliza kuhusu Arc 1960

Michoro mingi ya zamani ya Tanzania imepimwa kwa mfumo wa koordineti uitwao Arc 1960. Simu yako inasoma WGS84, mfumo wa GPS. Siku hizi kuna pia TAREF11, mfumo mpya wa taifa. Tofauti kati ya Arc 1960 na WGS84 huku kwetu ni karibu mita 300, na programu isiyojua kubadilisha itakuwekea mchoro mahali pasipo pake bila kukuambia lolote. Bugarika utashangaa bomba limepita juu ya nyumba za watu. Kirumba utalikuta ziwani.

Kwa hiyo programu lazima ikubali Arc 1960 na WGS84, zote katika kanda ya 36 Kusini ya gridi ya ramani ya UTM, ambamo Mwanza imo, na ibadilishe yenyewe. Mpe muuzaji faili moja la mchoro wako wa zamani aliingize mbele yako. Wengi huanza kutoa jasho hapo.

La pili ni cheneji, yaani umbali unaohesabiwa kutoka mwanzo wa barabara. Msimamizi wa barabara hazungumzi kwa latitudo. Anasema "njoo 7+250 kushoto". Ramani isiyosoma cheneji itabaki ya bosi wa ofisini, saiti wataendelea na daftari lao.

La tatu, mipaka ya sheria. Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati kwa barabara kuu na za mikoa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Programu nzuri inachora mikanda hiyo kwa dakika chache, na nyumba yenye alama ya X ukaiona iko ndani au nje. Angalia lakini: mita 60 kutoka ukingo upi? Ziwa lilipanda sana mwaka 2020, likapanda tena 2024, na mstari wa ufuko kwenye ramani nyingi za bure ulichorwa zamani. Usikubali mkanda uliopimwa kutoka kwenye mstari wa muuzaji. Mpeleke mpima wako atembee ufukoni.

Nafasi ya kwanza: QGIS pamoja na QField

QGIS ni programu ya ramani ya kompyuta, ipo tangu 2002, haina malipo. QField ni ndugu yake wa kwenye simu na kishikwambi. Unaandaa mradi ofisini: mstari wa barabara, makalavati, valvu, chemba, picha ya setilaiti iliyopakuliwa. Unauhamishia kwenye simu, hata kwa waya wa USB, na fomeni anaingia nao Ukerewe au Kisiwa cha Kome bila bando. Akirudi, data inarudi.

Naiweka juu kwa sababu inashinda pale penye shida zetu. Arc 1960 inaijua. Kwenye mstari wa katikati unaweza kuzalisha nukta kila mita 20 zenye namba za cheneji. Mkanda wa mita 30 au 60 ni kubonyeza mara chache. Fomu ya kalavati unaiunda mwenyewe kwa Kiswahili, kwa maneno ya fomeni wako, na uwanja wa picha ukiulazimisha, hawezi kuhifadhi bila kupiga. Kila kitu kinakaa kwenye faili lako, wala hakuna mtu Ulaya wa kukufungia siku kadi ya benki ikigoma.

Udhaifu wake ni wa kweli. QField haiandiki barua kwa mshauri, haipitishi malipo, haitunzi kumbukumbu za vikao. Tena mradi haujiundi wenyewe. Unahitaji kijana aliyesoma, wa Chuo Kikuu Ardhi au chuo cha ardhi cha Tabora, akae nao siku kadhaa mwanzoni na aitwe tena michoro ikibadilika. Fedha ambayo ungelipia leseni, mlipe yeye.

Nafasi ya pili: KoboToolbox au ODK

Hizi ni fomu zenye ramani, siyo ramani yenye fomu. Fomeni anajaza maswali, simu inachukua mahali, na ofisini unaona vidoti. Zinafanya kazi bila mtandao na zinachora nukta, mistari na maeneo. Faida yake kubwa ni watu: vijana wengi wa Mwanza wamewahi kukusanya data za mashirika kwa Kobo, na waliofanya Sensa ya 2022 walizoea vishikwambi tangu wakati huo. Hutafundisha mengi.

Mpango wa bure wa Kobo umelengwa mashirika yasiyo ya faida, hivyo kampuni isome masharti kwanza. ODK unaweza kuisimika kwenye seva yako bila kulipia programu. Zote mbili zinafaa sana kwa ukaguzi wa kila siku na orodha ya fidia. Mchoro wa barabara juu ya ramani, hapo zinapungua.

Na ukishagusa fidia, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Majina, simu na picha za nyumba za watu siyo za kuacha wazi kwa kila mwenye kiungo.

Nafasi ya tatu: ArcGIS Field Maps

Hii ni programu ya ramani ya simu ya kampuni ya Esri. Kwa ubora wa ramani pekee ningeiweka juu. Maeneo unayapakua kabla ya kwenda saiti, mifumo ya upimaji inaijua yote, na inapendeza. Lakini inalipiwa kwa kila mtumiaji kila mwaka, na mkandarasi mwenye mafomeni kadhaa ataihisi. Inunue kama mshauri au mwajiri wako tayari anaitumia na mkataba unataka data katika muundo wake.

Nafasi ya nne: Procore, Autodesk Construction Cloud na wenzao

Hawa ndio wanaokuja na suti. Kwa michoro, barua, maswali ya kiufundi na malipo ni hodari kweli. Ramani kwao ilifika baadaye: Autodesk ilishirikiana na Esri, na Procore iliinunua Unearth, kampuni ya ramani za ujenzi, mwaka 2023. Procore kwa kawaida hutoza kufuatana na thamani ya kazi zako za mwaka, jambo linaloweza kukufaa ukiwa na watumiaji wengi na kukuumiza mwaka ukipata zabuni moja nono. Mkandarasi mkubwa wa SGR ana sababu ya kuwasikiliza. Wa mitaro ya Nyakato, hapana.

Nafasi ya tano: Google Earth Pro na My Maps

Za bure, na kila mtu anazijua. My Maps ina kikomo cha tabaka 10 kwa ramani moja, na programu yake ya Android iliondolewa tangu 2021, kwa hiyo saiti haina msaada. Ila Google Earth Pro iweke kwenye kompyuta hata ukinunua nyingine, kwa ajili ya picha zake za miaka ya nyuma. Mtu akidai fidia ya nyumba aliyojenga baada ya tathmini, unarudisha mwaka na kuonyesha kiwanja kitupu.

Kamera za simu zinazochapa koordineti juu ya picha, kisha picha ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp, sizipi nafasi. Maandishi yale ni rangi tu, huwezi kuyatafuta wala kuyapanga kwenye ramani. WhatsApp nayo huondoa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya picha, isipokuwa umeituma kama hati.

Vifaa

Simu ya kawaida kwenye uwanja wazi hukosea kwa mita kama 5. Kwa kalavati inatosha. Kwa valvu kwenye barabara ya mtaa yenye upana wa mita 6, itakuwekea upande wa jirani, na chini ya majabali ya Isamilo mambo huwa mabaya zaidi. Hapo tafuta antena ya nje ya RTK, inayosahihisha makosa ya GPS papo hapo na kuongea na simu kwa Bluetooth. QField na Field Maps zote zinaipokea. Huna haja ya kununua ya kila fomeni. Moja ya mpima inatosha kampuni nzima, na ya kukodi hutosha kazi fupi. Kimo kinachosomwa na simu usikitumie kabisa kwenye bomba la maji taka linalotegemea mteremko. Hiyo ni kazi ya leveli na fimbo yake.