Siki na chumvi, au maji baridi tupu?

Kitambaa cha kochi kilichodariziwa waridi jekundu huogopwa kutiwa kwenye beseni, maana rangi ya uzi inaweza kuchuja, na uzi mwekundu ndio msumbufu kuliko zote, ukifuatiwa na mweusi na wa bluu iliyokoza.

Wengi huloweka kwenye siki na chumvi ili "kukamata rangi". Siki hufaa rangi za sufu na hariri. Nyuzi nyingi za kudarizi kwa mkono ni pamba, na rangi yake haikamatwi hivyo. Chumvi humsaidia mtia rangi kiwandani, si wewe. Ubaya zaidi, kitambaa hulala saa nzima katika maji yaleyale yaliyochafuka, na rangi iliyotoka huhamia kwenye weupe.

Maji baridi hufanya kinyume: huiondoa rangi ya ziada. Kwanza bonyeza pamba nyeupe iliyoloa juu ya uzi. Ikipata rangi, suuza chini ya bomba mpaka maji yanayodondoka yawe meupe kabisa, ndipo utie sabuni laini kidogo. Usikamue. Viringisha ndani ya taulo jeupe, kisha tandaza.

Doa likitokea, usianike wala kupiga pasi, joto huligandisha. Rudi bombani kikiwa bado kibichi.