Mwanafunzi aliyenichorea nyumba ya Kigamboni: nyota tano

Ramani yangu ya kwanza niliinunua kwa fundi, ya kunakili tu, vyumba vyote vya kulala vikitazama magharibi. Nikaelekezwa kwa binti anayesomea usanifu majengo, mwaka wa nne.

Hakukimbilia kuchora. Alikuja kiwanjani asubuhi, saa nane mchana na jioni, akachomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu aone upepo. Akanieleza kusi inavuma kutoka wapi na kaskazi kutoka wapi, kisha akageuza nyumba: kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, jua la jioni lipige stoo na bafu. Mama akamuuliza, "Mwanangu, na baraza je?" Wiki iliyofuata akaja na kijumba cha maboksi, baraza lipo, upana wa mita mbili, unatandika mkeka na watu wanapita. Mama alikishika muda mrefu, hakutaka kukirudisha.

Kazi ilichukua wiki saba badala ya nne, sababu ya mitihani. Na kwa kibali cha ujenzi nilitakiwa kupata mhuri wa msanifu aliyesajiliwa. Huo nililipia kando, kwa hiyo ulizia mapema. Sehemu ya jiko la mkaa haikuwepo, tukaiongeza uani.