Monster Manual ya 2025: mazimwi zaidi ya 500, na hesabu ya kuangaliwa mara mbili

Kwa anayeendesha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kwa kanuni mpya za 2024, hiki ndicho kitabu cha tatu na cha mwisho katika seti. Kilitoka Februari 2025: kurasa 384, jalada gumu, dola 49.99 kwa bei ya Marekani. Ukiagiza kutoka nje, nauli na ushuru ni juu yako. Wizards of the Coast, wachapishaji wake, hawauzi PDF yake. Toleo la kidijitali lipo kwenye tovuti yao ya D&D Beyond, na husomwa humo humo tu.

Tuanze na kilichofanywa vizuri. Jedwali la kila zimwi limepangwa upya kwa ajili ya mtu mwenye dadu mkononi na wachezaji watano wanaomsubiri. Zamu ya kuanza pambano, yaani nani anatangulia, imeandikwa tayari, bonasi pamoja na namba kamili (bonasi ukijumlisha 10), kwa hiyo usipotaka kurusha dadu kwa mazimwi manane, unasoma namba na kuendelea. Vifaa anavyobeba zimwi vimetajwa, na mazingira anamoishi na aina ya hazina yake pia. Mazimwi wanaotumia uchawi hawakurushi tena kwenye kitabu kingine kila zamu: mashambulizi yao makuu yamo ndani ya jedwali lenyewe. Picha nyingi ni mpya, na nyingi zinamwonyesha zimwi akifanya jambo, hajasimama tu kama wa pasipoti.

Mpangilio ni wa alfabeti, na hapo maoni hugawanyika. Katika toleo la 2014 majoka wote walikaa pamoja, na mapepo vivyo hivyo. Sasa joka jeusi yuko B, jekundu yuko R. Katikati ya mchezo inafaa sana, kwa sababu unajua jina na unafungua moja kwa moja. Wakati wa maandalizi ni usumbufu. Dawa iko nyuma ya kitabu, kwenye orodha zinazopanga mazimwi kwa aina, kwa mazingira na kwa kiwango cha ugumu, yaani CR. Weka alama ya karatasi kwenye kurasa hizo siku ya kwanza. Wanyama wa kawaida nao wako sehemu yao, nyuma. Druidi wako, mhusika anayejigeuza mnyama, ataitafuta kila wiki.

Badiliko kubwa zaidi liko kwenye mashambulizi. Mbwamwitu wa 2014 aking'ata, mhusika alirusha dadu ya Nguvu apate 11 au zaidi, la sivyo aanguke. Wa 2025 aking'ata, mhusika mwenye umbo la kawaida yuko chini, basi. Mazimwi wengi wamepewa mtindo huo kwenye kuangusha, kukamata na kutia sumu. Mchezo unakwenda kasi, hilo halina ubishi. Ila mpiganaji mwenye Nguvu 17, meno yakishampata, anaanguka kirahisi sawa na mchawi mwenye Nguvu 8, na mchezaji aliyejenga mhusika wake kwa ajili ya kusimama imara ana haki ya kununa. Ukiwatuma mbwamwitu wanne, usiwakusanye wote kwa mtu mmoja: kuinuka kunakula nusu ya mwendo wake, na mbwamwitu wenyewe hushambulia kwa dadu mbili, wakichukua ya juu, mradi mwenzao yuko karibu na mlengwa. Mtu huyo hatacheza, atakuwa anainuka tu.

Sasa hesabu. Kiwango cha ugumu hutumika pamoja na bajeti ya XP (pointi za uzoefu) iliyomo kwenye Dungeon Master's Guide ya 2024, kitabu cha mwendeshaji. Kwa wahusika wanne wa ngazi ya 1, pambano jepesi ni XP 200, la wastani 300, zito 400. Chukua Shadow, zimwi-kivuli mwenye CR 1/2, yaani XP 100. Shadow watatu ni XP 300: wastani kamili. Tatizo ni kwamba kila pigo la Shadow linamng'oa mhusika pointi 1 hadi 4 za Nguvu, na Nguvu ikifika sifuri anakufa, hata kama uhai wake ungalipo. Mchawi mwenye Nguvu 8 akipatwa na mapigo matatu katika raundi moja, d4 (dadu za pande nne) tatu zinafika 8 au zaidi nusu ya mara. Kanuni za 2014 zilizidisha XP mara mbili pale mazimwi walipokuwa watatu hadi sita. Shadow hao watatu wangehesabiwa 600, juu ya mpaka wa "hatari ya kifo" uliokuwa 400. Kizidishi hicho kimeondolewa. Bajeti mpya ni rahisi na kwa mazimwi wengi inafanya kazi, lakini haioni kile kinachoua kwa kupita kando ya uhai. Ngazi ya 1 tumia Shadow mmoja, au weka pambano mahali wachezaji wanapoweza kufungua dirisha, kwa kuwa mwanga wa jua humdhoofisha.

Kwa hiyo kabla ya kutumia zimwi yeyote, soma jedwali zima ukitafuta vitu viwili: kinachopunguza alama za mhusika badala ya uhai, na kinachomnyima mhusika zamu.

Majoka na wakubwa wengine wamerahisishwa. Zile hatua za makao zilizokuwa zikitokea kwenye namba 20 ya zamu hazipo. Badala yake, joka aliyekomaa akiwa kwake anapata hatua nne za ziada kwa raundi badala ya tatu, na mara nne kwa siku, si tatu, anaweza kuligeuza rusho lililoshindwa kuwa lililofaulu. Ni nafuu kwa mwendeshaji. Hasara ni kwamba pango lenyewe halishambulii tena, na volkano ikageuka pazia la nyuma. Ukilipenda, lirudishe mwenyewe: namba 20, jambo moja, lisirudiwe raundi mbili mfululizo.

Waliokosekana: orki hawana jedwali lao, wala drow, wale elfi wa chini ya ardhi. Kitabu kinakuelekeza utumie takwimu za watu, kama majambazi na makuhani, uwavike sura unayotaka. Inafanya kazi, lakini kwa dola 50 mtu angetaka orki. Majini manne yamo, dao, djinni, efreeti na marid, kila mmoja na asili yake: ardhi, hewa, moto, maji. Msomaji wa pwani asitarajie wa kupanda kichwani na kudai ubani. Hawa ni mabwana wa kasri.

Kabla ya kununua, pakua SRD 5.2, hati rasmi ya kanuni za msingi. Ni bure, ilitolewa Aprili 2025 chini ya leseni ya Creative Commons BY 4.0, na ina mamia ya mazimwi wa kitabu hiki wakiwa na takwimu kamili: goblini, Shadow, majoka wa rangi na wa madini, hadi Tarrasque. Beholder na mind flayer hawamo, na maelezo ya maisha ya mazimwi ni machache. Leseni inakuruhusu kunakili, kuchapa, kutafsiri kwa Kiswahili na hata kuuza, mradi utaje chanzo kwa maneno yaliyoelekezwa humo.

Anayeendesha kampeni ndefu, hasa juu ya ngazi ya 10, atapata thamani ya pesa yake, maana wakubwa wapya wako huko: arch-hag wa CR 21, blob of annihilation wa 23, colossus wa 25. Kama shida yako ni mapambano yanayochosha, angalia kwanza Flee, Mortals!, kitabu cha mazimwi cha kampuni ya MCDM, cha 2023. Ina vibaraka wanaoshambulia kwa kundi na kufa kwa pigo moja, na maadui wakuu wenye hatua tatu za pekee zilizopangwa tangu mwanzo hadi mwisho wa pambano. Iliandikwa kwa kanuni za 2014, lakini inaingia bila tabu: zamu ya kuanza ni 10 ujumlishe bonasi ya Wepesi, na mengine yaache yalivyo.