Tua ya Old Dispensary, Mji Mkongwe: nimeridhika, ila warekebishe mambo mawili

Watu wa Unguja tunapita Mizingani kila siku tukienda kupanda boti na lile jumba la Old Dispensary tunaliona tu, lakini nani kalijenga na pesa kazitoa wapi wengi wetu hatujui. Hii tua ya kutembea kwa miguu ndo imenifumbua macho, na kaka alotutembeza mashaallah anaijua kazi yake.

Alianza na Tharia Topan, ndo mwenyewe alolianzisha hilo jumba, Khoja (Muislamu wa Kihindi) kutoka Kutch, India, kaja Unguja bado mtoto, akapanda mpaka miaka ya 1870 akawa ndo mwenye kukodishwa forodha ya Sultani, yaani ushuru wa mzigo unaoingia na kutoka unapita mikononi mwake. Jiwe la msingi likawekwa 1887, mwaka wa jubilii ya Malkia Victoria, nia iwe hospitali ya watu, lakini mwenyewe hakuwahi kuiona imekwisha, alifariki 1891 na jumba likamalizika 1894. Dispensari yenyewe ilikuja baada ya kununuliwa 1900 kwa wakfu wa Haji Nasser Nur Mohamed, chini dawa, juu watu wanakaa.

Kilichonipendeza zaidi, hakuficha kitu. Dada mmoja kamuuliza utajiri wote ule ulitoka wapi, akajibu waziwazi kuwa Tharia ndo alokuwa akimkopesha Tippu Tip mtaji wa misafara ya bara, ya pembe za ndovu, na watumwa walikuwemo. Wengine hapo wanakupitisha juu juu. Mimi naona sadaka ya mtu ihadithiwe pamoja na chumo lake, maana waliobeba zile pembe nao walikuwa watu.

Halafu akatusimamisha ng'ambo ya barabara tutazame zile roshani, mbao zimechongwa ukingoni kama lesi ya shela, rangi ya kijani, na vioo vya rangi juu ya madirisha. Lilichakaa sana baada ya Mapinduzi mpaka shirika la Aga Khan likalikarabati miaka ya 1990. Tukilikumbuka Beit al Ajaib, lile jumba la Sultani hapo hapo Mji Mkongwe, sehemu yake ilivyoporomoka 2020, tunajua thamani ya kukarabati mapema.

Kasoro: wamechelewa kuanza sana tukabaki juani bila hata maji, na karatasi wanazogawa hazina Kiswahili, jambo lililoniuma kweli maana historia yenyewe ni yetu. Bei ya wenyeji nafuu, wapelekeni na watoto wa skuli, ila nendeni asubuhi.