Apache CXF kwenye kazi ya viambatisho: inaelewana na wengi, ila usiiachie mipangilio yake ya awali

Huduma ya SOAP (programu mbili kuzungumza kwa ujumbe wa XML) inayopokea majina na tarakimu tu, maktaba yoyote itaimudu. Shughuli huanza pale mteja anapotaka kukutumia PDF ya megabaiti 30, naye yuko kwenye .NET ya Microsoft na wewe uko kwenye Java. Kwa kazi hiyo natumia Apache CXF, maktaba ya Java ya kujenga huduma kama hizo, na nitakayoyasema hapa yanahusu viambatisho peke yake. Mambo yake ya REST na Spring yana wasemaji wengine.

Njia ya kizamani ni kuligeuza faili kuwa Base64, yaani baiti zikiandikwa kwa herufi za kawaida, na kulipachika katikati ya XML. Inakubalika kila jukwaa, lakini kila baiti tatu huzaa herufi nne, kwa hiyo megabaiti zako 30 zinakuwa 40 kabla hata hazijatoka. Mwaka 2000 ikaja SOAP with Attachments, faili likawa linasafiri nje ya bahasha, yaani nje ya XML ya ujumbe. Microsoft wakaleta njia yao, DIME, wakaja kuiacha. Mwaka 2005 W3C, chombo cha viwango vya wavuti, wakapitisha MTOM, na hiyo ndiyo iliyoshika: ndani ya bahasha kunabaki kielekezi kinachoitwa xop:Include, baiti zenyewe zinafuata nyuma kama sehemu nyingine ya ujumbe, bila kugeuzwa.

CXF inazijua zote mbili, SOAP with Attachments na MTOM. WCF, maktaba ya huduma ya .NET, inaijua MTOM tu, kwa hiyo mkikutana hapo hakuna cha kujadili.

Kuiwasha ni rahisi: unaweka mtom-enabled kuwa kweli, au unaandika @MTOM juu ya darasa la huduma. Wengi huishia hapo, kisha wanashangaa kumbukumbu ya seva inavyoliwa. Angalia skima yako, yaani maelezo ya umbo la ujumbe. Kama uga wa faili umeandikwa base64Binary bila nyongeza yoyote, wsdl2java, zana ya CXF ya kuzalisha msimbo, itakupa byte[], yaani faili zima litamiminwa kwenye kumbukumbu, MTOM au bila MTOM. Ongeza xmime:expectedContentTypes="application/octet-stream" kwenye uga ule, zalisha msimbo upya, utapata DataHandler. Hapo unalisoma faili kwa mkondo, kipande baada ya kipande. Mstari mmoja wa skima, na kwangu ndio wenye thamani kuliko mipangilio mingine yote.

Kinachonifanya niiheshimu CXF ni jinsi inavyovumilia maandishi ya wenzake. WCF ikituma, sehemu ya faili hubeba Content-ID, yaani kitambulisho chake, ya sura hii: <http://tempuri.org/1/...>. Lakini kielekezi ndani ya bahasha kinaandikwa cid:http%3A%2F%2Ftempuri.org%2F1%2F... Mabano yameondoka, koloni na mikwaju vimegeuzwa kuwa misimbo ya asilimia. Ukilinganisha herufi kwa herufi, hivyo ni vitu viwili tofauti. Anayejiandikia kichanganuzi chake mwenyewe (wapo, na huwa wanajiamini sana) atakwama papo hapo. CXF inaifungua misimbo, inalinganisha, inakukabidhi faili.

Uhifadhi nao umefikiriwa. Kiambatisho kikipita kiwango cha attachment-memory-threshold, ambacho kwa kawaida ni kilobaiti 100, kinahamishiwa kwenye faili la muda diskini. Unaweza kuchagua saraka kwa attachment-directory, na ichague kweli, maana saraka ya muda ya mfumo mara nyingi iko kwenye kizigeu kidogo. Ukomo wa ukubwa upo pia, attachment-max-size, lakini ni juu yako kuuweka. Huduma iliyo wazi kwa watu wa nje bila ukomo huo ni kuwakaribisha waijaze diski yako.

Toleo nalo si la kupuuzia. Idadi ya viambatisho katika ujumbe mmoja haikuwa na kikomo mpaka 3.3.4 na 3.2.11, ambapo kiliwekwa 50. Zito zaidi ni tundu la usalama liitwalo CVE-2022-46364: mtu aliweza kuandika anwani yoyote kwenye href ya xop:Include, seva ikaenda kuifungua kwa niaba yake, hata kama ni anwani ya ndani ya mtandao wako. Lilizibwa katika 3.5.5 na 3.4.10. Aliye chini ya hapo na amewasha MTOM apandishe toleo kwanza, tathmini ataisoma baadaye.

Kosa likitokea, usiilaumu CXF kabla ya kuangalia upande wa pili. WCF kwa kawaida inapokea ujumbe usiozidi baiti 65,536, hivyo jibu lenye picha moja tu ya simu litakataliwa mpaka maxReceivedMessageSize iongezwe. Na kama Nginx, seva ya kupitishia maombi, imekaa mbele ya seva yako, ukomo wake wa kawaida ni megabaiti moja. Ukiona kosa la 413 (ombi kubwa mno), ujumbe haukufika hata kwenye Java.

Kero yangu ni moja. MTOM ikishawashwa, CXF hujibu kwa muundo wa sehemu nyingi hata pale jibu lisipokuwa na faili lolote. .NET haijali. SoapClient ya PHP, ambayo haina MTOM, italalamika kwamba haikupata waraka wa XML. Kupokea hakuna tatizo, kwani CXF inakubali Base64 ya ndani ya bahasha kwenye huduma hiyo hiyo. Ugumu uko kwenye kurudisha. Ninachofanya ni kufungua anwani ya pili ya huduma ile ile, MTOM imezimwa, na kuwapa wa PHP hiyo. Mafaili yao yanavimba kwa theluthi, lakini yanafika.