Jiko la kubanikia nyama la tangi la kompresa kutoka Gerezani: tathmini ya mtumiaji

Jiko ninalolitathmini hapa ni la kubanikia nyama kwa moshi, lililoundwa na mafundi wa kuchomelea wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa tangi chakavu la kompresa, yaani mashine ya kushindilia hewa, lililokuwa limetupwa nyuma ya gereji. Tangi hilo la lita 300 hivi limelazwa juu ya miguu ya chuma, likakatwa mlango ubavuni, likaunganishwa na kikasha cha moto upande mmoja na dohani upande wa pili. Kwa mtu anayependa kupika nyama taratibu kwa saa nyingi, naliona kuwa bora kuliko majiko mepesi ya bati yanayouzwa madukani, ilmradi mnunuzi awe mkali kuhusu chuma kinachotumika na njia ya hewa, kwa maana ubora wote wa jiko la namna hii hupatikana au hupotea hapo.

Umbo lenyewe limetoka Marekani, hasa Texas, ambako moto hukaa pembeni na nyama hupikwa na joto pamoja na moshi unaopita juu yake kabla ya kutoka. Aaron Franklin, mpishi wa Austin aliyeanza kuuza nyama kwenye trela mwaka 2009 na kupata tuzo ya James Beard, tuzo kubwa ya wapishi wa Marekani, mwaka 2015, anajulikana pia kwa kujiundia majiko kwa matangi makubwa ya gesi ya propani. Kwetu nako kubanika ni kazi ya siku zote, pwani na kando ya Ziwa Victoria, ila samaki hubanikwa ili akauke na kudumu, ilhali jiko hili linakusudiwa kulainisha nyama ngumu huku ikibaki na majimaji yake.

Uchaguzi wa tangi ndio uliostahili muda mwingi kuliko kitu kingine chochote. Pipa la lita 200 ni rahisi kulipata, lakini bati lake lina unene wa milimita 1 hivi, kwa hiyo upepo mdogo tu hushusha joto, na mara nyingi hujui lilibeba nini kabla halijafika kwa muuza vyuma chakavu. Lililobeba dawa za mimea au kemikali za viwandani halifai kwa chakula hata likichomwa namna gani. Mtungi wa gesi ya kupikia una chuma kizuri, lakini gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na huendelea kutulia ndani hata valvu ikiwa wazi, hivyo ni lazima valvu ing'olewe na mtungi ujazwe maji hadi juu ili gesi yote isukumwe nje kabla grenda haijaugusa, na kazi hiyo aachiwe fundi aliyeizoea. Tangi lililopakwa zinki nalikataa moja kwa moja. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi za Selsiasi na kuchemka kwenye nyuzi 907, na joto la kuchomelea hupita viwango vyote hivyo. Moshi mweupe unaotoka humletea fundi homa na kutetemeka jioni ya siku hiyo hiyo.

Tangi la kompresa huepuka sehemu kubwa ya matatizo hayo, kwa kuwa lilibeba hewa, na chuma cha hili nililonunua kina unene wa karibu milimita 4. Udhaifu wake ni kwamba maji hujikusanya chini na kuleta kutu kwa ndani, na ndiyo maana fundi aliligonga kwa nyundo kipande kwa kipande, akisikiliza mahali mlio unapofifia. Mabaki ya mafuta ya mashine yalioshwa kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukata, kisha tangi likachomwa tupu kwa moto mkali wa kuni hadi rangi ya zamani ikababuka yote.

Kazi ya mlango ilinipendeza sana. Chuma cha duara kikikatwa hufunguka kidogo, na mlango uliokatwa wote kwa mara moja haurudi sawasawa mahali pake. Fundi alikata upande mmoja tu, akachomelea bawaba pale pale, ndipo akamalizia pande zilizobaki; halafu akazungushia kingo vipande vya flatibaa (chuma bapa) ili kuziba mwanya. Ukifunga mlango huo moto ukiwa umewaka, moshi unaovuja ni mchache mno, na hewa hutawaliwa na kidirisha cha kikasha cha moto peke yake, jambo ambalo ndilo linalokuwezesha kushikilia joto lile lile kwa muda mrefu.

Kikasha hicho kimeundwa kwa bamba la milimita 6, na ujazo wake ni kama theluthi moja ya chumba cha nyama, kipimo ambacho waundaji wengi wa majiko haya hukifuata. Dohani imeunganishwa usawa wa wavu badala ya juu kabisa ya tangi, kwa hiyo moshi huvutwa ukipita kwenye nyama badala ya kukimbilia darini na kutoka.

Kabla ya kupika nilipanga vipande vya mkate kwenye wavu wote. Vile vilivyokuwa karibu na kikasha vilikuwa vyeusi wakati vya upande wa dohani vilikuwa havijabadilika rangi. Fundi aliongeza bamba la kukinga joto juu ya tundu la moto, likiinama kuelekea ndani, na tofauti ikapungua sana, ingawa upande wa moto bado ni mkali zaidi na unafaa kwa kuku. Kipimajoto kilichochomekwa juu ya mlango hakitoshi. Husoma joto la juu kuliko lile la kwenye wavu, na ningeshauri kiwekwe chini, karibu na nyama.

Likishapata moto, jiko hushikilia nyuzi 110 hadi 130 bila kusumbua. Kidari cha ng'ombe huhitaji saa 10 au zaidi, na katikati ya safari hiyo joto la ndani husimama kati ya nyuzi 65 na 75 kwa muda mrefu, kwa sababu unyevu unaotoka juu ya nyama huipoza kama jasho linavyompoza mtu. Wengi hukata tamaa hapo na kuchochea moto, na nyama hukauka. Ng'ombe wetu wa asili hawana mafuta mengi ndani ya nyama, kwa hiyo naona ni heri kukifunga kidari kwa karatasi mapema, mara tu kinapopata rangi, kisha kukiacha hadi kifikie nyuzi 95 hivi na uma uingie bila kusukumwa. Mbavu za mbuzi zilitoka vizuri kuliko vyote: laini, zenye moshi usiofunika ladha ya nyama.

Kuni ziwe kavu kabisa. Mpera, mchungwa na mkwaju zimenipa moshi mwembamba unaokaribia kuwa wa buluu. Moshi mzito mweupe huacha uchungu. Msonobari una utomvu na hufanya nyama inuke lami, na mikoko iachwe ufukweni inakolindwa.

Kasoro zipo. Halikuwekewa tundu la kumwagia mafuta, na ilibidi lirudishwe karakanani litobolewe sehemu ya chini. Rangi ya kikasha cha moto ilianza kubabuka mapema, na kwa hewa ya chumvi ya Dar es Salaam kutu haikawii, hivyo chuma hupakwa mafuta ya kupikia kikiwa bado na joto kila baada ya kutumika. Magurudumu ni madogo kwa uzito huu, na watu wawili hulihamisha kwa shida. Katika karakana nyingine nilionyeshwa jiko lililopakwa rangi ya mafuta hadi ndani ya chumba cha nyama. Mnunuzi akiona hivyo asilipe hata senti, hata kama mlango unang'aa vipi, na kabla ya kutoa malipo ya mwisho adai jiko liwashwe mbele yake kwa saa nzima.