Mwaka mmoja na lenzi kongwe ya Canon 50mm f/1.2: picha za sura saa ya magharibi

Ukikaa mita moja na mtu, ukafungua lenzi hii mpaka mwisho, sehemu ya uso wake itakayotoka kali haifiki hata sentimita tatu. Jicho likishika fokasi, ncha ya pua imeshapotea. Akivuta pumzi kidogo, na jicho nalo limeondoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililotamani mtu anieleze kabla sijatuma pesa Japani.

Lenzi yenyewe ni Canon 50mm f/1.2 ya kufunga kwa skrubu, iliyotoka mwaka 1956 kwa ajili ya kamera za renjifainda, zile ambazo hutazami kupitia lenzi. Unachungulia kidirisha cha pembeni, unazungusha mpaka vivuli viwili vya kitu kimoja vilaliane. Miaka hiyo Wajapani walikuwa wanashindana kutengeneza lenzi zenye tundu kubwa la kuingizia mwanga, na namba ya f ikiwa ndogo ndipo tundu linakuwa kubwa. Zunow walishatoa f/1.1 mwaka 1953, Nikon wakatoa f/1.1 yao mwaka huo huo wa 1956, na Canon wenyewe wakaja kuwapita wote kwa f/0.95 mwaka 1961. Walikuwa na sababu. Filamu ya rangi ya Kodachrome wakati huo ilikuwa na kasi ya ASA 10 tu (kipimo cha wepesi wa kunasa mwanga, siku hizi tunakiita ISO), kwa hiyo mtu aliyetaka kupiga picha ndani ya nyumba bila taa alihitaji lenzi inayokunywa mwanga kwa pupa.

Mimi ni mpiga picha wa Kampala. Riziki yangu inatokana na picha za paspoti, mahafali na harusi, lakini kwetu ni Bombo, kilomita thelathini na kitu kutoka mjini kwa barabara ya Gulu, na Bombo ndiko lenzi hii ilikonifundisha kazi. Naifunga kwenye kamera ya Sony a7 II niliyoinunua mtumba, kwa adapta mbili: pete nyembamba ya milimita moja inayogeuza skrubu ya milimita 39 kuwa mdomo wa kamera za Leica M, halafu nyingine ya kutoka M kwenda Sony. Msinunue adapta ya bei ya chini kabisa. Ya kwanza niliyokuwa nayo ilikuwa inacheza. Nikizungusha pete ya fokasi, lenzi nzima inatikisika kama jino bovu.

Nililipa shilingi za Uganda milioni moja na laki nne, usafirishaji na ushuru juu yake. Tangazo lilisema kioo ni safi. Ilipofika nikawasha tochi ya simu, nikaimulika kutokea nyuma, nikaona utando mweupe ndani, kama pumzi kwenye dirisha la asubuhi. Uliza mtu yeyote anayetumia lenzi za Canon za enzi hizo, atakuambia ndio ugonjwa wake: grisi ya ndani inatoa mvuke miaka nenda rudi, unatua juu ya kioo kilicho nyuma ya tundu, na ukiachwa muda mrefu unakula kioo chenyewe. Fundi wangu alifungua, akafuta, sehemu kubwa ikatoka. Utando kidogo pembeni haukutoka na hautatoka. Muuzaji alikataa kurudisha hata shilingi. Nilikasirika sana, na bado sijaisahau hasira ile, kwa hiyo nasema: kabla ya kulipa, dai picha ya lenzi ikiwa imemulikwa kwa tochi kutokea nyuma. Atakayekataa kukupigia hiyo picha, mwache na lenzi yake.

Uzito ni gramu 320 hivi, chuma na kioo, inajaa mkononi vizuri. Filta zake ni milimita 55, ambazo Kampala zinapatikana bila shida. Haiwezi kusogea karibu zaidi ya mita moja. Kwa picha ya kichwa na mabega inatosha. Ukitaka uso peke yake ujaze fremu, utakata picha kwenye kompyuta.

Sasa kazi yenyewe.

Kwenye kamera hii siangalii kidirisha cha pembeni, naona kile kile lenzi inachokiona, na naweza kukuza sehemu ya jicho mara kadhaa kabla ya kubonyeza. Ile alama ya rangi ambayo kamera inakuchorea kukuonyesha palipo kali, usiiamini ukiwa f/1.2. Lenzi ikiwa wazi hivyo ina ulaini fulani, mwanga unamwagikamwagika kwenye kingo, na kamera inadhani nyusi na shavu vyote viko sawa. Nakuza, natafuta kope. Kope zikionekana moja moja, nabonyeza. Pete siigusi tena. Nasogeza kiwiliwili changu mbele au nyuma kwa upana wa kidole. Na ninayempiga picha namkalisha kwenye kiti chenye mgongo, namwomba aegemee. Kiti cha kuegemea kimeniokolea picha nyingi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua.

Mchana wetu ni adui wa lenzi hii. Jua la saa saba Kampala, kwa f/1.2 na ISO 100, linahitaji shata (muda wa kuingiza mwanga) ya kasi zaidi ya 1/16000 ya sekunde, na kamera yangu inaishia 1/8000. Bila filta nyeusi picha inaungua. Natumia ya ND8, inakata mwanga hadi sehemu moja ya nane, hapo napata 1/2000 na kitu. Inawezekana, lakini sipendi. Mwanga wa kutoka juu kichwani unachimba mashimo machoni, na tundu liwe kubwa vipi haliwezi kulificha hilo.

Kuna jambo ambalo sijaona likiandikwa na wanaoisifu lenzi hii wakiwa Ulaya au Japani, nalo ni ngozi zetu. Lenzi kongwe ikiwa wazi kabisa, mwanga wa ziada hurukaruka ndani ya vioo na kumwagika juu ya sehemu nyeusi za picha. Uso mweupe ukipatwa na hilo unaonekana laini, watu wanasema wanapenda. Uso mweusi, anga jeupe likiwa nyuma yake, unatoka kama umepakwa jivu. Weusi wenyewe unapotea, ule weusi wenye rangi ya zambarau chini ya macho na wekundu kwenye mashavu. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea kupima mwanga. Nikaongeza, ikazidi kuwa mbaya.

Dawa yake niliipata kwa kujaribu. Anga au dirisha liwe mgongoni kwangu au ubavuni, lisiwe nyuma ya anayepigwa picha. Nyuma yake pawe na giza: mlango uliofunguka, mti wa mwembe, ukuta wa tope. Kizuia mwanga mbele ya lenzi hakitoki, hata ndani ya nyumba. Napima mwanga kwenye shavu, nakubali nguo zitoke zitakavyotoka. Hapo ngozi inarudi, na ule ulaini wa lenzi unabaki juu yake kama mafuta yaliyopakwa sasa hivi. Kanzu nyeupe ndiyo ngumu zaidi, inawaka kingoni kama ina moshi. Kwa mzee aliyevaa kanzu nafunga tundu mpaka f/2, moshi unakwisha karibu wote.

Nilijaribu kuipeleka kazini. Ilikuwa kwanjula, sherehe ya Kiganda ya bibi harusi kumtambulisha mchumba kwa wazazi wake, kule Mukono, familia kubwa, mahema mawili. Nilitaka sura za akina mama kwenye magomesi, yale mavazi marefu ya Kiganda, hariri ile inavyong'aa kwenye mabega yaliyochongoka. Nilipiga sabini na kitu kabla ya saa nane, nilipokagua kwenye skrini zilizokuwa kali hazikufika ishirini. Ssenga, yaani shangazi yake, alipomtoa bibi harusi nje, akatembea kuja kwangu huku watu wanapiga vigelegele, fokasi ilinikimbia hatua zote kumi na mbili. Ile dakika hairudi. Nilibadilisha lenzi hapo hapo nikaweka ya kisasa inayojifokasi yenyewe, na tangu siku hiyo ya Canon haijaingia kwenye mkoba wa harusi. Mteja amekulipa ili usikose. Lenzi hii itakukosesha.

Nilikaribia kuiuza. Kilichonizuia ni jioni moja nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama.

Huku kwenye mstari wa ikweta jua halina machweo marefu. Linazama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja, mwaka mzima, na linazama wima kama kitu kilichoachiwa. Dakika ishirini na kitu baadaye ni usiku. Wenzetu wa kaskazini wana saa nzima na zaidi ya mwanga mwororo wakati wa kiangazi. Sisi tunao muda wa kuchemsha chai. Mwanga huo ndio mzuri kuliko wote kwa ngozi yetu, kwa sababu unatoka angani kote kwa pamoja na hauna ukali popote. Kwa lenzi yangu nyingine, ya f/2.8, nikishaanza kuona uzuri wake picha zimeshajaa chengachenga. Hii ya f/1.2 inaingiza mwanga zaidi ya mara tano ya ile. Kwa saa yangu ya mkononi ni kama dakika kumi za ziada. Dakika kumi za magharibi, kila siku! Hilo ndilo nililolipia, ingawa wakati nalipa sikulijua.

Jioni hiyo umeme ulikuwa umekatika. Bibi alikuwa amemaliza kuswali magharibi, bado yuko juu ya msala karibu na mlango, tasbihi mkononi. Ilikuwa saa moja na dakika tano. Nikakaa chini sakafuni nje ya kizingiti, mgongo kwenye anga.

"Bibi, naomba nikupige picha ulivyo hivyo hivyo."

"Gizani hivi, mjukuu wangu?"

"Hivyo hivyo, bibi."

Aliegemea fremu ya mlango, nikapata kile kiti changu cha kuegemea bila kukiomba. ISO 1600, shata 1/125, tundu wazi. Kwa lenzi ya f/2.8 ningehitaji ISO zaidi ya 8000. Nilikuza jicho lake la kushoto, lililo karibu na mlango. Mboni za bibi zina mviringo wa kijivu cha buluu pembeni, wa uzee, na ndani ya mboni ile niliuona mlango mzima, mstatili mdogo wa anga na kivuli changu chini yake. Kope tatu nne zilizobaki zilionekana moja moja. Mikunjo ya kando ya jicho ilikuwa kali kwa upana wa kidole kimoja, halafu ikaanza kulainika kuelekea sikioni, na ushungi wake ukayeyuka kwenye giza la chumba. Hakuna kitu kilichokatika ghafla, uso uliingia gizani taratibu kama unavyoingia kweli saa ile. Nilipiga sita tu. Nne zilikuwa kali.

Jicho moja likiwa kali na lingine limeanza kulainika, wapo watakaosema ni kosa. Kwa uso uliogeuka kidogo, mimi nasema jicho la karibu linatosha. Kwa uso unaotazama mbele moja kwa moja, rudi nyuma mpaka mita moja na nusu, hapo unapata sentimita sita na macho yote mawili yanaingia.

Ukinunua, kumbuka pia unyevu wetu. Msimu wa mvua kuvu huota ndani ya lenzi, na hii ina miaka zaidi ya sitini. Ya kwangu inalala kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu ninavyovianika juani kila mwezi. Mkoba wa ngozi unaokuja nayo ni mzuri kwa macho, lakini ngozi inanyonya unyevu na kuutunza. Usiilaze humo.

Picha ya bibi niliichapisha Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, sentimita 30 kwa 40, karatasi isiyong'aa, nikaipeleka Bombo Ijumaa iliyofuata. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani, akaangalia muda mrefu bila kusema. Halafu akauliza mikono yake iko wapi, na tabaga, yaani kawa la kufunikia chakula, aliyokuwa anaisuka, ile ya nyekundu na kijani iliyokuwa pembeni yake siku ile. Ilikuwepo kwenye fremu, imeyeyuka tu pale chini kulia, rangi mbili bila umbo. Nikamwonyesha. Akasema sawa, lakini anataka nyingine yenye mikono na tabaga, vionekane nyuzi kwa nyuzi. Kwa hiyo Ijumaa hii narudi saa kumi na moja, jua likiwa bado lipo, na nitafunga tundu mpaka f/4.